Aliyeichora Raleigh Hayumo Kwenye Nembo Yake

Muulize mzee wa Mwanza, Kisumu au Ujiji baiskeli ya kweli ni ipi, atakutajia Raleigh kabla hujamaliza swali. Atakusimulia ile nyeusi yenye breki za vyuma, keria pana nyuma, dinamo, kengele, na bati dogo mbele ya fremu lenye kichwa cha ndege mwenye shingo ndefu. Ndege huyo ni kulastara, na alitoka kwenye nembo ya ukoo wa Frank Bowden, mwenye kampuni. Baiskeli hiyo imezunguka nusu ya dunia ikiwa imebeba alama ya mtu aliyetoa fedha. Walioichora umbo, waliounga mabomba yake na waliohesabu meno ya gia zake hawamo kwenye bati hilo, na wengi wetu hatujawahi kuyasikia majina yao.

Nasema wazi tangu mwanzo: Raleigh haikuwa kazi ya Bowden. Kampuni ilikuwa yake, na uhodari wake wa biashara siubishi hata kidogo. Lakini karibu kila hatua ya ufundi iliyoifanya baiskeli hiyo iaminiwe ilitoka kwenye kichwa cha mtu mwingine, na majina ya watu hao hayakupotea kwa bahati mbaya. Yalifutwa na utaratibu unaoeleweka, wa mikataba, hisa na hataza, na utaratibu huo ungali unafanya kazi. Fundi wa Kariakoo au Gikomba anayebuni kitu leo anakabiliwa na mambo yale yale yaliyowakabili mafundi wa Nottingham, mji wa Uingereza ilikozaliwa Raleigh, zaidi ya miaka 130 iliyopita. Ndiyo maana historia hii inatuhusu zaidi ya kumbukumbu za wazee.

Tuanzie Coventry, mji wa viwanda katikati ya Uingereza. Mwaka 1868 kiwanda cha cherehani cha mji huo kililetewa kutoka Paris baiskeli yenye pedali zilizofungwa moja kwa moja kwenye gurudumu la mbele. Msimamizi wa mafundi, James Starley, aliichukua na kuifikiria upya. Mwaka 1874 alipata hataza ya spoku zinazotoka kwenye habu kwa mshazari, zikipishana, badala ya kunyooka kutoka katikati, ili nguvu ya kuzungusha gurudumu izivute na isizipinde. Itazame baiskeli iliyoegeshwa karibu nawe: spoku zake zimefungwa vivyo hivyo. Tatizo lililobaki lilikuwa ukubwa wa gurudumu. Bila gia, mzunguko mmoja wa pedali ni mzunguko mmoja wa gurudumu, kwa hiyo aliyetaka mwendo aliongeza ukubwa wa gurudumu la mbele, hadi likafikia kipenyo cha mita moja na nusu. Mpandaji alikaa juu kiasi kwamba jiwe dogo barabarani lilitosha kumrusha kichwachini.

Jibu lilikuwa mnyororo, na lenyewe halikuwa la mtu mmoja. Harry Lawson alichora mwaka 1879 baiskeli inayoendeshwa kwa mnyororo uliofungwa kwenye gurudumu la nyuma. Hans Renold, Mswisi aliyekuwa na kiwanda Manchester, alitoa mwaka 1880 mnyororo wa roli na bushi uliozunguka bila kulika haraka, na ndio tunaoutumia mpaka sasa. Kisha mwaka 1885 John Kemp Starley, mtoto wa ndugu yake James, akaitoa Rover: magurudumu mawili yanayokaribiana ukubwa, mpandaji katikati yao, mnyororo nyuma. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1888, John Boyd Dunlop akapata hataza ya tairi la hewa huko Belfast. Kwa hiyo Raleigh ilipozaliwa, mambo makuu manne ya baiskeli ya leo yalikuwa yamekwisha kupatikana, na hakuna hata moja lililopatikana Nottingham.

Kilichokuwapo Nottingham ni karakana. Katikati ya miaka ya 1880 fundi Richard Woodhead na Mfaransa Paul Angois walifungua duka la kutengeneza baiskeli katika mtaa wa Raleigh, na William Ellis akaingia kama mshirika wa tatu. Mtaa huo uliitwa kwa heshima ya Walter Raleigh, baharia wa zama za Malkia Elizabeth wa Kwanza, ambaye hakuhusiana na baiskeli kwa namna yoyote. Karakana ilitoa baiskeli tatu kwa wiki. Hapo ndipo Bowden anapoingia. Alikuwa amerudi kutoka Hong Kong na mali nyingi, na simulizi ambayo kampuni iliipenda ni kwamba madaktari walimwambia amebakiwa na miezi michache ya kuishi, akashauriwa aendeshe baiskeli, akanunua moja ya mtaa wa Raleigh, akapona, akaenda kuwatafuta waliomtengenezea. Ni simulizi tamu, na imerudiwa katika matangazo mpaka watu wakaamini kwamba aliyepona ndiye aliyebuni dawa.

Simulizi hiyo haigusi karatasi za kampuni. Bowden alinunua kwanza sehemu ya Ellis. Desemba 1888 ikaundwa kampuni yenye mtaji wa pauni 20,000 kwenye maandishi, nusu yake ikitoka kwa Bowden. Katika mgawanyo wa kazi Angois alipewa usanifu wa bidhaa, Woodhead usimamizi wa kiwanda, na Bowden uenyekiti na ukurugenzi mkuu. Hisa zilipotolewa kwa wenyeji wa mji, walionunua walikuwa wachache, na Bowden akachukua sehemu kubwa ya zilizobaki. Tangu siku hiyo kila baiskeli mpya iliyohitaji mashine mpya ilihitaji pia fedha za Bowden, na kila fedha ya Bowden ilizidi kupunguza uzito wa wale wawili waliokuwa na duka kabla yake. Hapakuwa na wizi. Palikuwa na mtu mmoja aliyeweza kuongeza mtaji na wawili wasioweza, na sheria za kampuni zikafanya yaliyobaki. Kufikia mwaka 1896 kiwanda hicho kilihesabiwa kuwa kikubwa kuliko vyote vya baiskeli duniani.

Mtu ninayemheshimu kuliko wote katika historia hii ni George Pilkington Mills. Mwaka 1886, akiwa na umri wa miaka 19, alipanda baiskeli ya gurudumu kubwa kutoka Land's End, ncha ya kusini-magharibi ya Uingereza, hadi John o' Groats kaskazini mwa Uskochi, kwa siku 5, saa 1 na dakika 45. Hakuna aliyevunja rekodi hiyo kwa baiskeli ya aina ile mpaka mwaka 2019. Mwaka 1891 alishinda mashindano ya kwanza ya Bordeaux hadi Paris, umbali wa kilomita 572. Alipoingia Raleigh katika miaka ya 1890 kama msimamizi wa kiwanda na mbunifu, alikuwa mhandisi anayejua kwa mikono na mgongo wake mwenyewe pale fremu inapoteseka.

Mambo ya Mills si ya kupendeza machoni, na labda ndiyo sababu hayasimuliwi. Fremu ya baiskeli huvunjika mara chache katikati ya bomba. Huvunjika kwenye maungio. Watengenezaji wengi wa wakati ule waliunga mabomba kwa vipande vizito vilivyomiminwa kalibuni, ambavyo huweza kuficha mapovu na nyufa ndani. Raleigh ilihamia kwenye viungio vya bamba la chuma lililokandamizwa kwa mashine, vyepesi na vinavyofanana kimoja na kingine, na ikaunga kwa kuchovya kiungo kizima ndani ya shaba nyeupe ya moto iliyoyeyuka, ili ijipenyeze kila upande kwa kipimo kimoja. Kampuni ikatangaza kwamba baiskeli yake ni ya chuma cha pua tupu bila kipande cha kumimina, na tangazo likawa maarufu. Aliyepata sifa ya tangazo ni kampuni. Aliyejua kwa nini lilikuwa la kweli alikuwa karakanani.

Lakini kisa kinachoeleza utaratibu wote kwa uwazi ni cha gia. Kama umewahi kufungua habu ya nyuma ya Raleigh yenye gia tatu, umeona jina Sturmey-Archer. Wengi hudhani Sturmey na Archer ndio wavumbuzi. Henry Sturmey alikuwa mwandishi na mhariri wa magazeti ya baiskeli na magari, na ni kweli alikuwa na hataza yake ya habu ya gia tatu. Hataza nyingine ilikuwa kwa jina la James Archer. Hata hivyo habu iliyokwenda sokoni ilikuwa ya mtu wa tatu, William Reilly. Reilly alikuwa amefanya kazi na kampuni iliyotengeneza habu ya gia mbili, na mkataba wake uliipa kampuni hiyo haki ya uvumbuzi wake wa baadaye. Alipobuni gia tatu hakuweza kuiandikisha kwa jina lake bila kuikabidhi kwa waajiri wa zamani. Akaiandikisha kwa jina la Archer. Bowden akanunua haki za pande zote mbili, akaunda ushirika wa kutengeneza gia hizo mwaka 1902, na jina la biashara likawa la mwandishi aliyekuwa maarufu na la mtu aliyeliazimisha jina lake. Mwenye wazo akabaki nje ya chuma chake mwenyewe.

Na wazo lenyewe linastahili kutazamwa kwa karibu. Chukua habu ya AW, toleo lililotoka mwaka 1936 na linalofuata msingi huo huo. Kwenye ekseli kuna gia ndogo ya meno 20 ambayo haizunguki kabisa. Inazungukwa na gia nyingine ndogo nne, za meno 20 kila moja, zilizobebwa na kikapu cha chuma. Nje ya hizo kuna pete yenye meno 60 kwa ndani. Mnyororo ukizungusha kikapu, zile gia nne zinapanda juu ya gia iliyosimama na kuisukuma pete iende haraka zaidi: kikapu kikizunguka mara tatu, pete huzunguka mara nne. Hiyo ndiyo gia ya mteremko. Ukigeuza, mnyororo uzungushe pete na gurudumu lifuate kikapu, unapata robo tatu ya mwendo, na mlima unalegea. Ukizifunga zote pamoja, unapata gia ya kawaida. Yote hayo yamo ndani ya kopo lisiloingia vumbi, lenye tundu dogo la kutilia mafuta. Juu ya kopo hilo kiwanda kilipiga chapa ya herufi AW na tarakimu za mwaka na mwezi, hivyo fundi anayejua kusoma anaweza kukuambia habu yako ilitoka kiwandani lini. Tarehe ya chuma iliandikwa. Jina la Reilly halikuandikwa.

Makosa mengine ya kumbukumbu yanafuata mkondo huo. Waya wa breki unaopita ndani ya mrija huitwa Bowden katika lugha nyingi za Ulaya, na watu wa baiskeli wakaamini kwamba ni wa Frank Bowden wa Raleigh. Si wake. Aliyepata hataza yake mwaka 1896 ni Ernest Monnington Bowden, mtu mwingine kabisa. Frank alikuwa miongoni mwa waliowekeza kwenye biashara hiyo, na jina lenye fedha likalimeza jina lenye wazo. Hata Dunlop, ambaye jina lake limekaa kwenye matairi ya kila bara, hakuwa wa kwanza. Robert William Thomson, Mskoti, alipata hataza ya tairi la hewa katika miaka ya 1840, kabla baiskeli hazijakuwa biashara, na hataza ya Dunlop ikatenguliwa baadaye kwa sababu hiyo. Dunlop naye alikwisha kuikabidhi hataza yake kwa wafanyabiashara, na utajiri mkubwa wa tairi haukuwa wake. Mpira wa matairi hayo, kwa upande mwingine, uliwagharimu watu wa Kongo ya Mfalme Leopold mikono na maisha, na majina ya hao hayapo kwenye nembo yoyote. Siwezi kuandika sifa za tairi la hewa nikaliruka jambo hilo.

Sasa niijibu dhana ninayoisikia mara nyingi zaidi, hasa kwa vijana wanaoendesha baiskeli za gia nyingi mijini: kwamba ile nyeusi ya zamani, ambayo Wakenya huiita Black Mamba, ni mzigo uliopitwa na wakati, na kwamba uzito wake ni ushahidi wa ubunifu duni. Tazama umbo lake. Bomba la mbele linaloshika foki limelala nyuma kuliko la baiskeli ya mashindano, ambalo hukaribia digrii 73. Foki yenyewe imepindwa mbele kwa mkunjo mrefu. Umbali kati ya magurudumu ni mkubwa, na magurudumu ni ya inchi 28 kwa 1½, makubwa yanayovuka mashimo bila kuzama. Foki iliyolala na kupindwa hunyumbuka kidogo kila inapokutana na jiwe, hivyo mshtuko huishia kwenye chuma kabla haujafika kwenye viganja. Mpandaji hukaa wima, uzito wake ukielekea nyuma, na ukipakia gunia kwenye keria usukani haupepesuki kwa mwendo mdogo. Huo ni ubunifu wa barabara isiyo na lami, na Uingereza ya wakati ule ilikuwa na barabara nyingi za namna hiyo. Ndiyo sababu ilitufaa bila kubadilishwa sana.

Breki za vyuma nazo zina hoja yake. Fimbo za chuma haziozi ndani kwa ndani kama waya, na fundi anaweza kuzinyoosha kwa nyundo. Udhaifu wake ni wa kweli: rimu ya kromi ikilowa mvua, mpira wa breki huteleza, na anayeshuka mlima wa Lushoto siku ya mvua anaijua hatari hiyo. Nisingemshauri mtu achague breki hizo leo kwa mteremko mkali. Lakini kudharau fremu nzima kwa sababu ya breki ni kutoelewa kwamba kila sehemu ilichaguliwa kwa ajili ya mtu atakayeitengeneza mwenyewe, mbali na duka la vipuri, kwa spana mbili na kotapini.

Dhana ya pili ni kwamba baiskeli za China na India ni nakala bandia zilizoiua Raleigh. Kwamba zilifuata mchoro wake ni kweli. Flying Pigeon ya Tianjin, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1950, ilichorwa kwa kufuata Raleigh ya miaka ya 1930. Nchini India Raleigh yenyewe ilishirikiana na wenyeji kufungua kiwanda Asansol mwanzoni mwa miaka ya 1950, na mwaka 1956 ndugu wa ukoo wa Munjal, walioanza kwa kuuza vipuri, wakaanzisha Hero kule Ludhiana. Miaka 30 baadaye Hero ikaandikwa katika kitabu cha rekodi cha Guinness kuwa mtengenezaji mkubwa kuliko wote wa baiskeli duniani. Hizo ni kampuni zenye historia na wahandisi wao. Na kwetu zilileta faida ambayo Raleigh peke yake isingetupatia: kwa kuwa vipimo vilikuwa vile vile, tairi la Ludhiana liliingia kwenye rimu ya Nottingham, na krenki ya Tianjin ikakaa kwenye ekseli ya zamani. Fundi wa kijijini hakuhitaji kujua kiwanda. Alihitaji kujua kipimo. Kilichoidhoofisha Raleigh kilikuwa zaidi kule kwao. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 ilitoa baiskeli zaidi ya milioni moja kwa mwaka, kisha Waingereza wakanunua magari, soko likasinyaa, na mwaka 1960 kampuni ikaunganishwa na mshindani wake chini ya kampuni kubwa ya mabomba ya chuma. Kiwanda cha Nottingham kilifungwa mwaka 2002. Sehemu ya ardhi yake leo ni chuo kikuu.

Hata katika miaka yake ya mwisho ya ushindi, ugomvi wa majina haukuisha. Raleigh Chopper, baiskeli ya watoto yenye usukani mrefu iliyovuma tangu mwaka 1970, ina wabunifu wawili wanaodaiwa: Alan Oakley, mbunifu mkuu wa Raleigh, aliyesema aliichora nyuma ya bahasha akiwa ndani ya ndege kutoka Marekani, na Tom Karen wa kampuni ya usanifu ya Ogle, aliyeshikilia kwamba ni kazi yake. Wote wamefariki, na mabishano yamebaki. Kampuni kubwa yenye mawakili na makabati ya faili ilishindwa kuonyesha kwa karatasi moja isiyobishaniwa ni nani aliyechora bidhaa yake mashuhuri kuliko zote.

Twende kwetu. Katikati ya mji wa Goma, mashariki mwa Kongo, kuna sanamu ya rangi ya dhahabu ya mtu na chukudu yake, ile baiskeli ya mbao isiyo na pedali inayobeba mamia ya kilo za viazi, makaa na mbao kutoka milimani. Ni heshima inayostahili. Sanamu inamtukuza anayeisukuma. Aliyekata ubao wa kwanza akaukadiria uzito wake hatukuzwi. Huko Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, mtu fulani alifunga mto laini juu ya keria akaanza kuvusha abiria, na biashara ya bodaboda ikaenea Afrika Mashariki nzima. Nenda sasa kwenye karakana yoyote ya kuchomelea. Utaona foki iliyoongezewa vyuma viwili vya kusaidia mbele, keria iliyotengenezwa upya kwa nondo ili ibebe madumu manne ya maji, stendi pana ya miguu miwili inayoishika baiskeli wima ikiwa na mzigo. Kila moja ya hizo ilianza kwa mtu mmoja aliyeona pale chuma kinapochoka, kama Mills alivyoona.

Watu wengi, wakiwemo mafundi wenyewe, husema hapo hakuna ubunifu, ni marekebisho tu. Siafiki. Mills hakubuni baiskeli, aliboresha maungio. James Starley hakubuni gurudumu; alibadilisha mwelekeo wa spoku. Sheria zenyewe zinalijua hilo. Kenya, kupitia Sheria ya Mali ya Viwanda ya mwaka 2001, ina haki maalumu kwa maboresho madogo yenye manufaa ambayo hayafikii kiwango cha hataza kamili, na Tanzania ina cheti cha namna hiyo katika sheria yake ya hataza. Haki hizo ziliwekwa kwa ajili ya keria ya madumu manne. Wanaozitumia ni wachache, kwa sababu hakuna aliyemweleza fundi kwamba zinamhusu.

Wengine husema wazo bila mtaji si kitu, na kwamba Bowden alistahili kila alichopata. Mtaji unastahili faida yake, nakubali. Haustahili jina la aliyechora. Hayo ni mambo mawili na yanaweza kulipwa yote mawili bila mtu kufilisika. Shirika la World Bicycle Relief, lililoanzishwa mwaka 2005 na F.K. Day na Leah Missbach Day baada ya tsunami iliyoipiga Sri Lanka, limeonyesha nusu ya njia. Baiskeli yake ya Buffalo, inayounganishwa pia Kisumu, imeimarishwa kwa kusikiliza wapandaji na mafundi wa Afrika. Keria yake inabeba kilo 100, na mafundi wa vijijini wamefunzwa kuitengeneza. Nusu iliyobaki ni kuandika ni fundi gani, wa wapi, alipendekeza badiliko gani. Ningependa kuiona orodha hiyo ikichapishwa pamoja na kijitabu cha vipuri.

Ninachopendekeza hakihitaji bajeti kubwa. Vyuo vya VETA na vyuo vya ufundi vya Kenya na Uganda vifundishe, katika somo la kuchomelea lenyewe, jinsi ya kuandika ubunifu: mchoro wa pande tatu wenye vipimo, picha, tarehe, na sahihi ya shahidi. Mafundi wanaofanya kazi chini ya mwenye karakana wakubaliane kwa maandishi kabla ya kazi, kwa sababu mahali pasipo na makubaliano sheria kwa kawaida humpa mwajiri haki ya kilichobuniwa kazini, na mkataba ndio uliomfanya Reilly aazime jina la Archer. Vyama vya mafundi viwe na daftari la pamoja. Halmashauri na kaunti zinaponunua baiskeli za wahudumu wa afya ziweke sharti la vipimo vinavyoingiliana na vipuri vilivyoko sokoni, maana kinachoifanya baiskeli ya zamani iendelee kuishi kwetu ni kipimo kinachofahamika, na mbunifu wa hapa akikifuata kipimo hicho, keria yake itauzika kutoka Kigoma hadi Malindi.

Na wewe fundi unayesoma haya, au unayesomewa na mwanao: ukiwa na kitu ulichokitengeneza ambacho hujakiona kwingine, usikitundike mlangoni kwanza wala usikipeleke kwenye maonyesho, kwa sababu kikishaonekana hadharani unaweza kupoteza haki ya kukiandikisha kama kipya. Kipige picha leo, kichore, andika tarehe na jina lako kamili, umwombe jirani atie sahihi, kisha nenda ofisi za BRELA ukiwa Tanzania, KIPI ukiwa Kenya, au URSB ukiwa Uganda, uulize kuhusu haki ya maboresho madogo. Na hata kabla ya kwenda huko, chukua patasi upige herufi za jina lako kwenye chuma chenyewe.